Kubadili Pikapu ya Gitaa la Umeme

Katika barabara kuu iingiayo Tunduma kutoka Nakonde hupita malori yaliyosheheni shaba ya Zambia na Kongo, yakielekea bandari ya Dar es Salaam, na yamkini ni wachache miongoni mwa wayatazamao wajuao kwamba madini hayo hayo, yakiisha kuvutwa yakawa uzi mwembamba kama unywele, ndiyo yalipayo gitaa la umeme sauti yake. Gitaa la namna hiyo ni ala ya ibada na ya dansi, Tunduma, Vwawa na Mlowo kadhalika; basi likiingia ububu, aghalabu mwenyewe hudhani kwamba hakuna dawa ila kununua jingine au kulipeleka Mbeya mjini, safari ya kilomita 100 hivi kutoka Tunduma. Dhana hiyo si sahihi. Kubadili pikapu ni kazi iliyo ndani ya uwezo wa mtu yeyote mwenye subira, ilimradi akubali kupima kabla ya kununua.

Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa uzi wa shaba maelfu ya mizunguko, aghalabu kati ya 5,000 na 10,000 kwa kila koili. Nyuzi za gitaa, kwa kuwa ni za chuma, hupata usumaku kutokana na ujirani huo, na zinapotikisika huzaa ndani ya shaba umeme hafifu, ambao amplifaya huukuza hata ukasikika ukumbi mzima. Pikapu aliyoibuni George Beauchamp iliingia sokoni Marekani mwaka 1932 katika gitaa la Rickenbacker. Na mwaka 1955 Seth Lover wa kampuni ya Gibson akaunganisha koili mbili zinazopingana, ili mvumo wa umeme wa nyumbani ujifute wenyewe. Mpigaji wa ukumbi wenye taa za mirija na nyaya nyingi sakafuni ana haja kubwa ya uvumbuzi huo wa pili.

Sharti la kwanza, nalo ndilo lipuuzwalo kuliko yote, ni kuthibitisha kwamba pikapu ndiyo yenye dosari. Chomeka waya katika gitaa, fungua voliamu yote, chagua kwa swichi pikapu unayoishuku, kisha shikisha maltimita kwenye ncha na kwenye shina la plagi ya upande wa pili. Pikapu nzima ya koili moja huonyesha omu 5,000 hadi 8,000 hivi, na ya koili mbili 7,000 hadi 16,000. Mita ikionyesha kwamba njia imekatika, mara nyingi mkosaji si koili, bali ni jeki iliyolegea au kiungo cha lehemu kilichopasuka, na tiba yake ni lehemu kidogo tu. Gitaa lenye betri ndani halipimwi hivi, na anayeanza afadhali aliache.

Ikidhihiri kwamba koili imekufa, tafuta pikapu yenye umbo na vipimo vya ile kuukuu. Legeza nyuzi, tandika kitambaa juu ya mbao, fungua parafujo, na kabla hujakata chochote chora karatasini kila waya unakotoka na unakokwenda. Pikapu sahili ina nyaya mbili: mmoja wa sauti, mwingine wa ethi ushikao mgongo wa voliamu. Zile za koili mbili huweza kuwa na nyaya nne na wa tano ulio uchi, na hapa hadhari ni wajibu, kwa maana watengenezaji hawakuafikiana juu ya rangi: kwa Seymour Duncan mweusi ndio wa sauti, na mwekundu na mweupe hufungwa pamoja, kwa DiMarzio mwekundu ndio wa sauti, na mweusi na mweupe ndio hufungwa pamoja. Fuata karatasi ya aliyeitengeneza hiyo yako.

Chuma cha kulehemu cha wati 40 kinatosha. Kipashe moto kiungo chenyewe, ndipo ukiguse kwa lehemu. Ile ya bati na risasi huyeyuka katika nyuzi 183 hadi 190 za Selsiasi na kutambaa yenyewe. Iliyong'aa na kutandaa imeshika. Iliyofanya donge la kijivu haikushika. Fungua dirisha, na unawe mikono kabla ya kula, kwa sababu risasi ni sumu.

Kabla ya kurudisha parafujo, gonga pikapu polepole kwa bisibisi gitaa likiwa kwenye amplifaya, usikie kama inaitika. Ikiitika, rudisha parafujo, kaza nyuzi, upige. Pikapu mbili zikilia pamoja kwa sauti nyembamba isiyo na uzito, badilisha nafasi za nyaya mbili za ile mpya, ila kama ethi yake imeungana na kifuniko cha chuma. Kisha ipandishe au ishushe mpaka, nyuzi zikibanwa penye freti ya mwisho, ibaki nafasi ya milimita 2 hivi. Sumaku ikikaribia mno huzivuta nyuzi na kuharibu ulinganifu.

Nawe usiyewahi kulehemu, usianzie kwenye gitaa. Nenda kwa fundi redio wa mtaani kwako, mwombe ubao wa redio mbovu, ujizoeze humo mpaka viungo vyako ving'ae, ndipo ufungue gitaa lako.