Pundanhar: Anayerudi nyumbani aanze na paa

Pundanhar ipo upande wa bara wa wilaya ya Palma, mkoani Cabo Delgado, kwenye njia iendayo Nangade. Mashambulizi ya wapiganaji wenye silaha, yaliyoanza mkoani humo mwezi Oktoba mwaka 2017, yaliwalazimu wakazi wa vijiji vingi vya kaskazini mwa Msumbiji kuzihama nyumba zao. Anayerejea na kukuta kuta zingali zimesimama hana budi kujiuliza: je, nyumba hii yaweza kuokolewa kabla mvua hazijaanza mwezi Desemba? Jibu hutegemea paa.

Kwa nini paa kwanza?

Nyumba nyingi za huko hujengwa kwa miti na udongo, kisha huezekwa nyasi. Karibu na pwani hutumika makuti, na mwenye uwezo huweka bati. Ukuta wa udongo hustahimili jua kwa miaka mingi, lakini hauyawezi maji. Paa likitoboka, mvua huuteremkia ukuta kutoka juu, udongo ukamomonyoka, miti ikabaki wazi na kuoza. Kazi ambayo ingemalizwa kwa mizigo michache ya nyasi hugeuka kuwa ujenzi wa nyumba nzima.

Isitoshe, paa la nyasi hutunzwa na watu wanaoishi chini yake. Moshi wa jiko huzikausha nyasi na kuwafukuza wadudu, na mwenyeji huliona tundu lingali dogo. Nyumba ikihamwa, kinga hizo zote hutoweka.

Ukaguzi kabla ya kupanda

Fundi hapandi juu kabla ya kuijua hali ya miti. Gonga nguzo, mwamba na makombamoyo kwa mpini wa panga: mti ulioliwa ndani hutoa mlio wa kitu kitupu. Tazama pia vijia vya udongo vya mchwa vinavyopanda kutoka ardhini. Nguzo mbovu ibadilishwe kwanza, huku mwamba ukitegemezwa kwa mti mwingine.

Kisha simama ndani ya nyumba wakati wa adhuhuri na uangalie mahali mwanga unapopenya. Kumbuka kwamba maji hutambaa juu ya fito kabla ya kudondoka. Kwa hiyo tundu aghalabu huwa juu zaidi ya pale sakafu inapolowa.

Kuziba na kuezeka upya

Nyasi zikatwe zikiwa zimekomaa na kukauka, kwani nyasi mbichi huoza mapema. Uezekaji huanzia upenuni na kupanda juu, ili kila safu ifunike vifungo vya safu iliyo chini yake. Mteremko wa nyuzi 45 au zaidi huyafanya maji yakimbie. Paa lililolala huyanywa. Kwa kiraka, inua safu ya juu, ondoa nyasi zilizooza, sukuma mzigo mpya chini yake na uufunge kwenye fito. Mgongo wa paa ukaguliwe kila mwaka, maana hapo ndipo huchakaa upesi.

Penye hofu ya usalama, kwenda mbali kutafuta nyasi kwaweza kugharimu maisha. Ikiwa zilizo karibu hazitoshi, ezeka chumba kimoja kikamilifu, na vichwa vya kuta nyingine uvifunike kwa nyasi au turubai hadi msimu ufuatao. Turubai libanwe kwa fito zilizofungwa juu yake. Likipigiliwa misumari mitupu, upepo hulichana.

Bati na upepo

Tarehe 25 Aprili mwaka 2019, kimbunga Kenneth kiliipiga pwani ya Cabo Delgado kwa upepo wa takriban kilomita 220 kwa saa. Tarehe 15 Desemba mwaka 2024, kimbunga Chido kiliingia nchi kavu huko Mecúfi, kusini mwa Pemba. Upepo wa namna hiyo hauligandamizi paa tu, bali pia hulinyanyua. Ndiyo maana nguvu ya paa imo katika vifungo: kombamoyo lifungwe imara kwenye mwamba, na mwamba kwenye nguzo.

Misumari ya bati ipigiliwe kwenye mgongo wa wimbi, si kwenye bonde lake linalopitisha maji, tena iwe karibu karibu kwenye kingo na kileleni. Mawe juu ya bati si kinga. Kimbunga huyarusha na kuwajeruhi watu. Paa la baraza nalo litengwe na paa kubwa, ili likichukuliwa na upepo lisiondoke na nyumba nzima.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa nyumba ya udongo, ufa huo huanzia juu, na wakati wa kuuziba ni kiangazi.