Nani aliigusa mashine? Kwa nini kazi ya fundi wa mbali hurekodiwa hospitalini

Mashine ya CT inapoharibika usiku hospitalini, siku hizi fundi huenda asifike kabisa. Huketi mbele ya kompyuta, pengine katika nchi nyingine, akaingia kwenye mashine hiyo kupitia mtandao, akarekebisha mipangilio yake na kuondoka. Asubuhi mashine inafanya kazi. Linabaki swali: ni nani aliyeingia, na aligusa nini?

Uzito wa swali hilo ulidhihirika mjini Los Angeles, Marekani. Mwezi Februari mwaka 2008 hospitali moja ilibadilisha mipangilio ya mashine yake ya CT inayopiga picha za ubongo. Kwa muda wa miezi 18, wagonjwa zaidi ya 200 walipata mionzi takriban mara 8 ya kiwango kilichokusudiwa. Kosa liligunduliwa mwaka 2009, baada ya mgonjwa mmoja kulalamika kwamba nywele zake zinanyonyoka. Badiliko hilo lilifanywa na hospitali yenyewe, si mtu wa mbali. Lakini ikiwa lililofanywa ndani ya jengo liliweza kufichika mwaka mmoja na nusu, la mtu aliye ng'ambo je?

Ndiyo maana fundi wa mbali hatakiwi kuachiwa njia yake mwenyewe ya kuingilia. Hupitishwa kwenye lango moja, yaani kompyuta inayosimama kati ya mtandao wa nje na mashine. Hapo hujitambulisha kwa jina lake na kwa nambari inayotumwa kwenye simu yake, kisha hufunguliwa kwa muda maalumu. Tangu hapo lango huandika kila amri anayoitoa, na pengine hurekodi kioo cha kompyuta kama filamu. Rekodi huhifadhiwa mahali ambapo fundi hawezi kuifuta. Mkaguzi akitaka kujua kilichotokea saa nane usiku, huirudisha filamu nyuma.

Nchini Marekani, kanuni za usalama zilizotolewa mwaka 2003 chini ya sheria iitwayo HIPAA zinazitaka hospitali ziwe na njia ya kurekodi na kuchunguza shughuli katika mifumo yenye habari za wagonjwa. Hata hivyo hazilazimishi rekodi hiyo iwe ya filamu.

Nayo filamu ina mipaka yake. Mafundi 10 wakitumia jina moja na neno moja la siri, itaonesha kilichofanyika bila kumwonesha aliyekifanya. Aidha, kioo kinaporekodiwa huenda kikanasa jina la mgonjwa na maradhi yake. Kwa hiyo rekodi yenyewe ni siri ya kutunzwa, isitazamwe ila na mwenye idhini.

Zaidi ya yote, rekodi isiyosomwa haimlindi mgonjwa. Huko Los Angeles, kiwango cha mionzi kilikuwa kikioneshwa kwenye kioo cha mashine. Tarakimu zilikuwapo, aliyekosekana ni mtu wa kuzitilia shaka.