Gari kuukuu lenye turbo: kwa nini jina la gari halitoshi kupata kipuri chake

Juma hili tunajibu barua iliyotufikia kutoka mji wa Richardson, kaskazini ya Dallas, katika jimbo la Texas nchini Marekani. Mwandishi wake ni mzaliwa wa Nakuru, Kenya, aliyekwenda huko kusoma katika Chuo Kikuu cha Texas tawi la Dallas, ambacho majengo yake yamo Richardson, na baada ya masomo akabaki kufanya kazi. Jina lake tumelihifadhi.

Msikilizaji wetu anaeleza kuwa anayo Subaru Legacy GT ya mwaka 2005, ambayo siku hizi inatoa moshi wa buluu na imepungua nguvu. Kaka yake aliyebaki Nakuru anaendesha Subaru Legacy GT ya mwaka huo huo, na fundi amekwisha kumwambia kuwa turbo imekufa. Kwa kuwa magari hayo ni ya jina moja na mwaka mmoja, mdogo mtu ameazimia kununua turbo mbili huko Texas, moja aifunge kwenye gari lake na ya pili aipeleke Kenya kwa mgeni anayesafiri mwezi ujao. Anatuuliza kama kuna jambo la kutahadhari kabla hajalipa.

Lipo, tena kubwa. Turbo itakayoingia katika gari la Richardson haitaingia katika gari la Nakuru.

Ili tuelewane, yafaa kwanza tueleze kifaa chenyewe. Turbo ni magurudumu mawili madogo yenye mapanga, yaliyofungwa kwenye ncha mbili za mhimili mmoja. Gurudumu la kwanza huzungushwa na moshi wa moto unaotoka katika injini, moshi ambao vinginevyo ungepotea bure kupitia ekzosi. Gurudumu la pili, kwa kuwa limo kwenye mhimili huo huo, huzunguka pamoja na mwenzake na kuisukuma hewa safi kwa nguvu ndani ya injini. Hewa ikizidi, petroli nayo yaweza kuzidishwa, na injini ndogo ikafanya kazi ya injini kubwa. Wazo hilo si jipya: mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alilisajili mwaka 1905, na magari ya kwanza ya abiria yenye turbo yaliuzwa Marekani mwaka 1962. Watu wa nyanda za juu za Kenya wanaipenda turbo kwa sababu nyingine pia. Nakuru iko zaidi ya meta 1,800 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na injini ya kawaida huhema mlimani. Isitoshe, wengi walimwona Colin McRae akishinda mbio za Safari Rally kwa Subaru mwaka 1997, na mapenzi yaliyoanza wakati ule hayajaisha hadi leo.

Mhimili huo wa turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, karibu kabisa na moto wa ekzosi. Kinachouzuia usisagike ni utando mwembamba wa mafuta ya injini yanayopita kwenye beringi zake. Tutalirudia jambo hili, kwani ndimo mlimofichika hasara kubwa kuliko zote.

Sasa turejee kwenye magari mawili ya ndugu hawa. Legacy GT ya mwaka 2005 iliyouzwa Marekani ilifungwa injini ya lita 2.5. Legacy GT ya mwaka huo huo iliyouzwa Japani ilifungwa injini ya lita 2.0. Magari mengi ya aina hiyo yaliyoko Kenya yaliingia yakiwa yametumika Japani, kwa sababu Kenya huruhusu magari yenye usukani wa kulia tu, tena yasiyozidi umri wa miaka minane yanapoingizwa. Tofauti haikomei kwenye ukubwa wa injini. Katika gari la Japani, moshi wa silinda hugawanywa katika njia mbili ambazo hubaki zimetengana mpaka ndani ya turbo, na kwa hiyo mdomo wa turbo hiyo una matundu mawili. Katika gari la Marekani moshi wote huunganishwa kwanza, kisha huingia kwa tundu moja. Kumpa fundi wa Nakuru turbo ya tundu moja aifunge kwenye bomba la njia mbili ni kumtuma kazi isiyowezekana, isipokuwa abadilishe mabomba ya ekzosi pia na kuirekebisha kompyuta ya injini. Gharama hiyo yaweza kushinda bei ya turbo yenyewe.

Na si mwaka huo pekee. Legacy za Japani za kizazi kilichotangulia, zile zilizotengenezwa kati ya mwaka 1998 na 2003, nyingi zilikuwa na turbo mbili zilizopokezana kazi, ndogo kwanza na ya pili baadaye. Mtu akiagiza turbo ya Legacy bila kusema zaidi, muuzaji makini hana budi kumjibu kwa maswali.

Basi utambulisho wa kweli wa gari uko wapi? Uko katika namba. Gari lililouzwa Marekani tangu mwaka 1981 lina namba yenye tarakimu na herufi 17, inayosomeka kupitia kioo cha mbele upande wa dereva. Herufi au tarakimu ya kwanza hutaja nchi lilikoundwa, na ile ya kumi hutaja mwaka wa toleo, ambapo 5 ni 2005. Muuzaji wa vipuri huko Richardson akiiingiza namba hiyo katika kompyuta yake, huonyeshwa vipuri vya gari hilo hilo wala si vya binamu yake. Lakini gari lililouzwa Japani halina namba ya tarakimu 17. Lina namba fupi ya chasisi, na kibati chini ya boneti chenye alama ya toleo. Kwa Legacy ya Nakuru alama itaanza na BL5 kama ni saluni, au BP5 kama ni ile ndefu ya familia. Tarakimu 5 hapo hutambulisha injini ya lita 2.0. Mpelekee muuzaji wa Texas alama hiyo, na kompyuta yake haitaitambua. Hapo ndipo baadhi ya wauzaji, kwa nia njema kabisa, huanza kukisia kwa jina na mwaka.

Namba ya tatu imo kwenye kipuri chenyewe. Namba za vipuri vya Subaru huanza na tarakimu tano zinazotaja aina ya kifaa, na kwa turbo tarakimu hizo ni 14411. Herufi na tarakimu zinazofuata ndizo zinazotenganisha turbo moja na nyingine. Mara nyingi tarakimu ya mwisho hupanda kiwanda kinapofanya marekebisho madogo, na kwa kawaida toleo jipya hushika nafasi ya lile la zamani. Lakini tarakimu za katikati zikitofautiana, usinunue kabla hujapata maelezo. Kwenye mwili wa turbo pia hufungwa kibati chenye alama ya kiwanda kilichoiunda. Kibati hicho husafishwa kwa kitambaa, kisha hupigwa picha kabla ya turbo kuondolewa, kwa maana mafundi wengi huitupa turbo mbovu pamoja na ushahidi wake.

Kwa gari lake mwenyewe, msikilizaji wetu anaishi mahali pazuri. Dallas ndiko yaliko makao makuu ya Copart, kampuni kubwa ya kunadi magari yaliyopata ajali, na Texas ina yadi ambazo mteja huingia na spana zake mwenyewe, akafungua kipuri kwa mkono wake na kulipia mlangoni. Wenye yadi hao wana utaratibu ambao ungestahili kuigwa kwetu. Tangu miaka ya 1930 kumekuwepo nchini Marekani orodha iitwayo Hollander, inayovipa namba moja vipuri vyote vinavyoweza kubadilishana nafasi, hata kama vimetoka katika magari ya majina tofauti. Kwa hiyo mnunuzi haulizi tu kama ipo turbo ya Legacy. Huuliza ni magari gani mengine yaliyobeba turbo ya namba hiyo, na pengine akaipata katika gari ambalo hakulifikiria.

Turbo iliyotumika, hata hivyo, ni bahati nasibu. Mnunuzi aushike mhimili kwa vidole na kuutikisa. Mchezo mdogo sana wa kwenda pembeni ni wa kawaida wakati hakuna mafuta ndani, lakini mapanga yakigusa ukuta, au mhimili ukienda mbele na nyuma kwa namna inayohisika, airudishe rafuni. Njia ya kati ni turbo iliyokarabatiwa, ambayo kiini chake kimebadilishwa na kusawazishwa kwa mashine. Huko Marekani muuzaji wa turbo ya namna hiyo aghalabu hutoza amana, ambayo hurudishwa mteja akileta turbo yake mbovu. Anayenunua Texas kwa ajili ya mtu wa Nakuru huisahau amana hiyo, na fedha zikapotea hivi hivi.

Tumesema tutarudia habari ya mafuta. Katika injini za Subaru za wakati huo zenye lita 2.5 na turbo, mafuta yaendayo kwenye turbo hupita ndani ya bolti yenye tundu, na ndani ya bolti hiyo mna kichujio kidogo cha wavu, kidogo kuliko ncha ya kidole. Mafuta yasipobadilishwa kwa wakati, masizi hukiziba. Turbo hukosa mafuta, beringi zake husagika, na moshi wa buluu huanza. Fundi huifungua, hufunga turbo mpya, na bolti ile ile huirudisha mahali pake bila kuitazama. Baada ya muda mfupi turbo mpya nayo hufa, na lawama humwangukia muuzaji. Mafundi hubishana kama kichujio hicho kitolewe kabisa au kiwekwe kipya. Sisi twaona afadhali kipya, pamoja na mafuta ya daraja lililotajwa katika kitabu cha gari. Lisilo na ubishi ni kwamba bolti hiyo lazima ifunguliwe. Vilevile chembe za chuma kutoka turbo iliyokufa hushuka katika sampu ya mafuta, na zisiposafishwa huweza kuiua injini nzima.

Tena, kabla hajanunua chochote, msikilizaji wetu akague mipira inayopeleka hewa kutoka turbo hadi kwenye injini. Mpira uliopasuka huondoa nguvu ya gari sawasawa na turbo mbovu, na bei yake haifanani hata kidogo. Moshi wa buluu, kwa upande wake, waweza pia kutoka katika sili za valvu zilizochakaa.

Muda nao haumngojei. Tangu tarehe 1 Januari 2025 jimbo la Texas limefuta ukaguzi wa usalama kwa magari yasiyo ya biashara, lakini kipimo cha moshi kimebaki katika kaunti kadhaa, zikiwemo Dallas na Collin, ambazo mji wa Richardson umelala katikati yake. Magari ya petroli yenye umri wa miaka 2 hadi 24 hupimwa, na taa ya onyo ya injini ikiwa inawaka, gari hushindwa na leseni yake ya barabara haihuishwi. Wapo wanaoshauriana kuondoa kisafisha moshi kilichomo katika ekzosi ili turbo ipumue vizuri. Sheria ya Marekani hairuhusu, na kompyuta ya gari huweza kuwasha taa hiyo hiyo.

Na kaka wa Nakuru je? Ajabu ni kwamba yeye yuko karibu zaidi na turbo yake kuliko mdogo wake aliyeko Amerika. Vipuri vya magari ya Japani hufuata njia ya magari yenyewe: injini na vichwa vya magari vilivyokatwa hutoka Japani, vingine hupitia masoko ya Sharjah, vikaishia katika maduka ya barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, Gerezani jijini Dar es Salaam, au soko la Kisekka mjini Kampala. Huko, muuzaji ajuaye kazi yake ukimtajia BP5 atakuuliza swali moja tu, kama gari ni la gia za mkono au otomatiki, kwani hata magari ya Japani yenyewe kwa yenyewe huenda yasichangie turbo moja. Nauli ya ndege ya kipuri kutoka Texas yatosha kumlipa fundi anayeheshimika, na akipewa turbo isiyofaa, kaka huyo anaweza kuirudisha dukani alasiri hiyo hiyo.

Kwa hiyo tunamshauri msikilizaji wetu anunue turbo moja badala ya mbili, na fedha ya pili amtumie kaka yake, baada ya kaka huyo kumpelekea picha ya kibati cha chini ya boneti na ile ya turbo. Atakapokuwa ameifungua bolti ya mafuta, tungependa atuandikie alichokikuta ndani yake. Anuani yetu ni ile ile, na barua zenu za juma hili tutazisoma katika kipindi kijacho.