Kabla Hujamuuzia Mtu Muziki wa Kigari cha Gofu, Uliza Volti

Leo naleta somo ambalo mimi mwenyewe nimelilipia ada. Kama unauza redio za magari, spika au amplifaya mtandaoni, soma mpaka mwisho. Litakuokolea hela na jina.

Nilipata mteja Zanzibar. Kijana tu, dereva wa kigari cha gofu, vile vya umeme vinavyobeba wageni na mabegi yao kwenye hoteli za ufukweni. Alitaka muziki kwenye kigari ili wageni wafurahi na bakshishi iongezeke. Akanunua redio, amplifaya ndogo na spika 4, kwa hela yake mwenyewe. Mzigo nikautuma kwa boti. Ulipofika akanipigia: "Kaka, kigari kina betri nne, naunga wapi?"

Nikamuuliza kila betri imeandikwa nini. Akasema 12V. Mimi nina wateja wengine watatu wananisubiri inboksi, nikamjibu haraka haraka: "Redio ni ya 12, chukua betri moja hapo, unga."

Muziki ukapiga. Akanitumia video, nikaiposti, ikaniletea oda mbili.

Miezi miwili baadaye akapiga tena, sauti imebadilika. Kigari kinaishiwa nguvu katikati ya njia na wageni wako juu. Fundi amepima, betri moja imekufa. Ni ile ile niliyomwambia aunge. Tatu zilizobaki ni nzima. Na bosi wake kasema hela ya betri inakatwa kwenye mshahara wa dereva. Bei ya betri hiyo moja ilizidi bei ya kila kitu nilichomuuzia.

Hapo ndo nikakaa chini kujifunza. Mimi nimeishia kidato cha nne, sina cheti cha umeme. Haya nimeyapata kwa kuuliza mafundi, kusoma, na kupima mwenyewe kwa mita.

KWA NINI BETRI ILIKUFA

Gari la kawaida lina betri moja ya volti 12 na injini inaichaji ukiwa unatembea. Redio za magari zimetengenezwa kwa ajili ya hapo. Kigari cha gofu hakiko hivyo. Vingi ni vya volti 36 au 48. Cha 36 kina betri 6 za volti 6. Cha 48 kina betri 6 za volti 8, au 4 za volti 12. Zote zimefungwa kwa mfululizo: chanya ya hii inaenda kwenye hasi ya inayofuata, volti zinajumlishwa. Mota inakula kwa zote sawa. Na chaja inaziona zote kama betri moja kubwa.

Sasa wewe unakuja unachukua 12 kwenye betri moja. Tupige hesabu. Tuseme muziki unakula ampea 10 kwa wastani, unapigwa masaa 5 kwa siku. Hizo ni ampea-saa 50. Kama betri ni ya 150, umeshakula theluthi yake kabla mota haijagusa kitu. Wenzake watatu hawajatoa hata tone kwa ajili ya muziki.

Usiku unachomeka chaja. Umeme unaopita kwenye betri zote ni ule ule mmoja. Ni kama kuwapa watoto wanne uji kikombe kimoja kimoja, wakati mmoja wao ameshinda shambani na watatu wameshinda wamekaa. Watatu wanashiba mpaka wanazidishiwa, yule mmoja analala na njaa. Kesho hivyo hivyo. Betri ya maji ya asidi ikikaa muda mrefu bila kujaa, salfeti inagandia kwenye sahani zake za ndani na uwezo unapungua. Na kwa kuwa zimefungwa pamoja, moja ikichoka kigari kizima kimechoka.

Ubaya wake ni kwamba siku ya kwanza inafanya kazi vizuri kabisa. Ndo maana mafundi wengi wanaendelea kufunga hivyo.

Kwenye kigari chenye betri za volti 6, kuchukua mbili ni kosa lile lile. Na kwenye zile za volti 8, moja haitoshi, mbili zinakupa 16 na zaidi zikiwa zimejaa. Hapo unaweza kuunguza redio yenyewe.

NJIA SAHIHI

Chukua umeme kwenye betri ZOTE kwa pamoja, chanya ya kwanza na hasi ya mwisho, halafu upitishe kwenye kifaa cha kushusha volti. Mafundi wanakiita konveta. Upande mmoja inaingia 48 au 36, upande wa pili inatoka 12.

Muziki ule ule, masaa yale yale: wati 120 mara masaa 5 ni wati-saa 600. Betri moja ya 12V 150Ah ina wati-saa 1,800, zote nne zina 7,200. Ukila kwenye moja umemaliza theluthi yake. Ukila kwenye zote, hata ukihesabu kidogo kinachopotea kwenye konveta, ni kama asilimia 9 tu, na kila betri imechangia sawa. Chaja ikija inawakuta wote wana njaa sawa.

Mambo ya kuangalia:

1. Volti ya kuingia. Betri zinazoandikwa 48 zikiwa zinachajiwa zinaweza kukaribia 60. Tafuta konveta inayokubali mpaka 72 hivi. Ile inayoishia 50 itakufa mapema.

2. Ampea za kutoka. Usiamini wati za kwenye boksi, sisi wauzaji tunajua zinavyoandikwa. Angalia fyuzi ya kifaa. Redio ina fyuzi ya 10, amplifaya ina ya 20, jumla 30. Basi chukua konveta ya ampea 30. 12 mara 30 ni wati 360.

3. Fyuzi mbili. Moja upande wa 48, karibu kabisa na betri, kwenye waya wa chanya. Wati 360 gawa kwa 48 ni ampea 7 na nusu, ongeza kinachopotea, fyuzi ya 15 inatosha. Nyingine upande wa 12, ya 30. Angalizo: fyuzi nyingi za magari mwisho wake ni volti 32. Upande wa 48 nunua iliyoandikwa volti 60 au zaidi, maana ile ya 32 ikikatika umeme unaweza kuendelea kuruka ndani yake.

4. Waya wa hasi. Kwenye gari umezoea kufunga hasi kwenye bodi. Kwenye kigari cha gofu USIFANYE HIVYO, kwa kawaida fremu yake haijaungwa na betri. Vuta waya mbili, chanya na hasi, kutoka kwenye konveta mpaka kwenye redio.

5. Unene wa waya. Upande wa 48 milimita 2.5 za mraba zinatosha. Upande wa 12 umeme ni mwingi, weka milimita 6.

6. Swichi. Konveta inakula umeme kidogo hata muziki ukizimwa. Weka swichi ya kuizima kabisa, yenye uwezo wa volti za kigari, kisitumike kimyakimya wiki nzima kikiwa kimepaki.

7. Usalama. Kabla ya kugusa kitu chomoa chaja, zima ufunguo, na kama chini ya kiti kuna swichi ya Tow na Run iweke Tow. Vua saa na pete. Volti 48 zinaonekana kidogo, lakini spana ikigusa chanya na hasi za betri hizi inawaka nyekundu mkononi mwako. Usivute sigara hapo, betri zikichajiwa zinatoa gesi inayolipuka.

MTEJA AKISEMA KONVETA NI GHALI

Mpe njia ya pili: betri ndogo ya 12V ya peke yake kwa ajili ya muziki tu, yenye chaja yake, isiungwe kabisa na zile za kigari. Betri ya 12V 50Ah ukitumia nusu yake unapata wati-saa 300, sawa na masaa mawili na nusu ya muziki wa wati 120. Au kama anataka sauti ya kiasi, muuzie spika ya kuchaji ya Bluetooth. Faida yako itakuwa ndogo, lakini simu ya lawama haitakuja.

KWETU SISI WAUZAJI

Siku hizi mtu akiniandikia "nataka muziki", situmi bei kwanza. Namuuliza mambo matatu: Unafunga kwenye nini? Betri ni ngapi na kila moja imeandikwa volti ngapi? Nipigie picha ya betri zote. Akishajibu, namtumia bei ya redio pamoja na konveta, fyuzi zake mbili na waya. Oda inakuwa kubwa zaidi na mteja anaona unajua unachouza. Hii ni hata kwa bajaji na maguta ya umeme, uliza volti kwanza.

Na ukiwa hujui, sema "ngoja niulize fundi nikurudie". Mteja anasubiri nusu saa, haendi popote. Mimi sikusubiri hata dakika moja.

Yule dereva nilimlipia nusu ya betri, nikamtumia kwa simu kwa awamu tatu maana sikuwa nayo yote. Konveta nikampa bure. Mpaka leo muziki unapiga, na betri mpya bado iko sawa na wenzake. Ile video ya mwanzo niliifuta, maana kuna mtu angeiangalia vizuri aone waya ulipoungwa, akaenda kufanya hivyo hivyo.

Wewe mteja wako anafunga kwenye chombo gani? Andika hapo chini volti na idadi ya betri, tupige hesabu pamoja.