Hamna na Hakuna: Kisanduku Kitupu Katika Fomu ya Java

Katika saluni na maduka ya Umbilo, chini ya kilima cha kampasi ya Howard College, Kiswahili cha Kivu na cha Bujumbura si kigeni. Wenye kukizungumza hujaza fomu nyingi za mtandaoni: za kupanga chumba, za kuandikisha mtoto shuleni, za kliniki. Fomu nyingi zina kisanduku wasichoweza kukijaza, yaani nambari ya kitambulisho cha Afrika Kusini yenye tarakimu 13. Anayesubiri uamuzi wa ombi lake la ukimbizi hana nambari hiyo. Anakiacha kisanduku kitupu, anabofya kitufe cha kutuma. Kinachofuata kinategemea jinsi mwandishi wa programu alivyouelewa utupu huo.

Kiswahili kina jozi inayotufaa hapa. Katika hamna kuna kiambishi cha mahali pa ndani: chombo kipo, ila ndani yake hamna kitu. Hakuna haina sharti hilo. Hata chombo chenyewe huenda hakipo. Mitaani tunazichanganya, na wahadhiri wetu wa sarufi wanatuvumilia. Java haivumilii. Kwake hamna ni "", matini yenye urefu wa sifuri, na hakuna ni null, ambayo hapa nitaiita nali.

Mtu akituma fomu bila kuandika chochote kisandukuni, kivinjari hutuma jina la kisanduku pamoja na thamani tupu. Kwa hiyo getParameter("kitambulisho") hurudisha "". Nali hurudi pale tu kisanduku kisipotumwa kabisa, kwa mfano kikiwa kimezimwa au jina lake limekosewa herufi. Anayeanza Java hudhani kinyume: anaandika if (kitambulisho == null), anaridhika, na ukaguzi wake haumnasi mtu hata mmoja.

Sasa tuseme safu ya kitambulisho katika hifadhidata imewekewa sharti la upekee, watu wawili wasiwe na nambari moja. Ni sharti la busara. Mama wa kwanza asiye na nambari anaandikishwa, na "" yake inahifadhiwa. Anakuja wa pili, naye ana "". Hifadhidata inalinganisha, inaona zimefanana, inakataa, na skrini inamwambia kwamba kitambulisho chake kimeshatumika. Kitambulisho gani? Hajawahi kupewa. Kama angehifadhiwa kwa nali, PostgreSQL na MySQL zingewapokea wote wawili, kwa sababu katika sharti hilo nali mbili hazihesabiwi kuwa sawa. Oracle nayo huigeuza "" kuwa nali yenyewe, na ndiyo maana programu iliyokaa salama juu ya Oracle inaweza kuanza kukataa watu siku inapohamishiwa PostgreSQL.

Dawa ni kugeuza mlangoni, kabla thamani haijaingia ndani ya programu:

if (kitambulisho != null && kitambulisho.isBlank()) kitambulisho = null;

isBlank ilikuja na Java 11, nayo hunasa hata mtu aliyebonyeza nafasi tupu tu. Wanaotumia Spring husajili StringTrimmerEditor(true) ndani ya mbinu yenye @InitBinder, na visanduku vyote vya maandishi vya fomu husafishwa kwa pamoja. Tahadhari: haigusi data inayokuja kama JSON. Wa JSF wana mpangilio wao katika web.xml, wenye jina refu kama treni: INTERPRET_EMPTY_STRING_SUBMITTED_VALUES_AS_NULL, ukitanguliwa na javax.faces au, katika matoleo mapya, jakarta.faces.

Nali ina vituko vyake. Ukiunganisha majina matatu na la kati likawa nali, Java itachapa "Juma null Hamisi" bila aibu. Huko California mtaalamu mmoja wa usalama wa kompyuta alijipatia kibao cha gari chenye neno NULL, na mwaka 2019 ikaripotiwa kwamba faini za magari ya watu wengine, yale yasiyoandikiwa namba, zilimwangukia yeye. Tony Hoare, aliyeibuni nali mwaka 1965 kwa ajili ya lugha ya ALGOL W, alikuja kuiita kosa lake la dola bilioni.

Kwa maoni yangu, hatari kubwa zaidi iko katika fomu ya kurekebisha taarifa, na huzungumzwa kidogo. Waandishi wengi huweka kanuni kwamba penye nali, ya zamani ibaki. Ni sawa kwa kisanduku ambacho hakikutumwa. Lakini mwanamke aliyemkimbia mume anaifuta namba ya simu ya zamani, anaacha patupu, anatuma. Kigeuzi cha mlangoni kinaifanya nali, kanuni inasema ya zamani ibaki, na ujumbe wa kliniki unaendelea kwenda kwa simu iliyobaki mikononi mwa mume. Hapa hamna ilimaanisha "futa", hakuna ingemaanisha "usiguse", nasi tumezifanya neno moja. Fomu ya namna hiyo iulize kwanza kama kisanduku kilitumwa, kwa getParameterMap().containsKey("simu"), ndipo igeuze.

Mwenye fomu ya Java aijaribu hivi: aandikishe watu wawili wasio na kitambulisho, mmoja baada ya mwingine, kisha aingie kama yule wa kwanza, aifute simu yake, atume, na afungue ukurasa upya aone kama imeondoka.