Baba Akifika, Muuguzi Naye Atafika

Sisi tunaoishi mijini tumezoea kumwona muuguzi ndani ya kuta za hospitali. Anaingia zamu, anatoka zamu, anakwenda kupanga foleni ya basi kama mfanyakazi mwingine yeyote. Lakini yuko muuguzi ambaye zamu yake haina saa ya kwisha. Huyo huitwa nyumbani kwa mgonjwa, usiku au mchana, na akiitwa hana budi kwenda. Wenye asili ya vijijini wanamfahamu. Pengine pasipotegemewa, kazi yake ilipangwa kwa uangalifu mkubwa: katika milima ya mashariki ya jimbo la Kentucky, nchini Marekani.

Mtu akitaja Marekani, wengi huwaza maghorofa. Mwaka 1925 Wilaya ya Leslie haikuwa na reli wala barabara ya kupita gari. Njia zilikuwa vijito, na nyumba za magogo zilitawanyika mabondeni. Huko ndiko alikokwenda Mary Breckinridge, muuguzi aliyekuwa amezika watoto wake wawili: binti aliyeishi saa chache mwaka 1916, na mvulana wa miaka minne mwaka 1918. Alikuwa amesomea ukunga Uingereza, na mwaka 1924 alizuru Uskochi kutazama jinsi wauguzi walivyowahudumia watu wa nyanda za juu na visiwa.

Wauguzi wake walipanda farasi. Vifaa vya kuzalishia vilitiwa katika mifuko ya ngozi iliyoning'inia pande mbili za tandiko. Mama alipopata uchungu, mumewe ndiye aliyekwenda kumwita muuguzi, na kanuni ilikuwa moja: ikiwa baba ameweza kumfikia muuguzi, basi muuguzi naye atamfikia mama. Hebu ifikirie kanuni hiyo usiku wa masika, mto umefurika au theluji imefunika njia. Mto aliouvuka baba, muuguzi naye hana udhuru wa kutouvuka. Na akifika, uchungu huweza kuendelea hadi jua la pili. Hapo hukaa, akichemsha maji na kusubiri, huku pengine mtu wa bonde jingine ameshatoka kumtafuta.

Kwa sababu hiyo ushujaa peke yake haukutosha. Vilijengwa vituo sita kuizunguka hospitali ndogo ya mji wa Hyden, iliyofunguliwa mwaka 1928. Kila kituo kilihudumia eneo la maili 5 hivi kila upande, ili farasi afike bila kuchelewa. Wauguzi waliishi wawili wawili, mmoja akiitwa kwa mzazi, mwenzake abaki kwa ajili ya wenye homa na majeraha. Madaktari waliwaandikia maagizo ya kudumu ya kufuata pale daktari asipopatikana. Malipo ya kuzalishwa yalikuwa dola 5, na asiye na fedha alilipa kwa mazao au kwa kazi.

Mwaka 1932 kampuni moja ya bima ya maisha ilichunguza kumbukumbu za akina mama 1,000 wa kwanza waliozalishwa na wauguzi hao. Hakuna hata mmoja aliyekufa kwa sababu ya ujauzito au uzazi wenyewe. Wakati huo, katika Marekani nzima, akina mama wapatao sita au saba walikufa kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai. Ikumbukwe kwamba wengi wa hao 1,000 walijifungulia katika vibanda vya magogo, kwa mwanga wa taa ya mafuta.

Wauguzi nao walilipa. Mwaka 1931 Breckinridge mwenyewe alianguka kutoka juu ya farasi akavunjika uti wa mgongo, na baadaye alitembea akiwa amefungwa mkanda wa kuushikilia mgongo. Wala tusimfanye malaika: aliukubali ubaguzi wa rangi wa nchi yake, na wauguzi weusi hakuwaajiri.

Vita vilipozuka mwaka 1939, wauguzi wengi wa Kiingereza walirudi kwao. Mwaka huo huo ikafunguliwa Hyden shule ya kuwafundisha wauguzi ukunga, wapatikane wengine wa kuitikia mwito. Breckinridge alifariki mwaka 1965. Wakati huo jipu zilikwisha kuchukua nafasi ya farasi.