Sahihi ya mchezaji na sahihi ya bibi

Jumamosi moja, baada ya somo la Kiingereza tunalowafundisha watoto katika madrasa yetu, mzazi mmoja alinisubiri mlangoni. Tulipokwisha kusalimiana, akanionesha daftari la mwanawe. "Ustadhi," akasema kwa upole, "mwanangu ananiambia amesoma habari za watu wanaosimama juani wakimngoja mchezaji mpira awatilie saini kwenye karatasi. Hili nalo ni la kufundishwa watoto wa Kiislamu?"

Swali lake lilikuwa na uzito. Hakuna mzazi apendaye mwanawe akue akiwatukuza watu kupita kiasi. Nilimwomba anipe wiki moja.

Kila mzazi wa Tanzania anajua kwamba mtoto akiingia kidato cha kwanza, karibu masomo yote hufundishwa kwa Kiingereza. Wengi hufika huko wakiweza kutamka yaliyoandikwa, lakini hawajui yanasema nini. Wala lugha ya wengine si mwiko kwetu. Mtume Muhammad (SAW) alimwamuru Zayd bin Thabit (RA) ajifunze maandishi ya Mayahudi, ili barua zao zisomwe na mtu anayeaminika. Kazi kama hiyo haifanywi na mtu anayetamka bila kuelewa.

Ndiyo maana somo lile halikuanzia kitabuni. Niliwauliza watoto kwa Kiswahili: mmewahi kumwona nani akitia sahihi, na wapi? Wakataja benki, hati ya ndoa na ripoti ya shule. Kisha nikaandika ubaoni maneno mawili, "signature" na "autograph". La kwanza ni sahihi ya kuthibitisha jambo. La pili ni sahihi inayoombwa na kuhifadhiwa kwa sababu ya umaarufu wa aliyeiandika. Kiswahili huyaita yote mawili sahihi, na neno hilo hilo lina maana ya jambo la kweli lisilo na kosa.

Baada ya hapo tukasoma. Mara ya kwanza kila mtoto alisoma kimya, akitafuta jambo moja tu: nani anaomba nini. Mara ya pili alipiga mstari chini ya sentensi inayoeleza sababu. Mwisho alifunga kitabu na kuisimulia habari kwa maneno yake mwenyewe.

Hapo maswali yakaanza. Kijana mmoja aliuliza: anayenunua karatasi hiyo atajuaje kuwa mchezaji ndiye aliyeiandika? Nikawaeleza kwamba sahihi za kughushi huuzwa, na kwamba huko Marekani ofisi za viongozi zimetumia kwa miaka mingi mashine inayoshika kalamu na kuiga mwandiko wa mtu. "Kumbe sahihi nyingine si sahihi," akasema binti mmoja, na darasa zima likacheka.

Kisha nikawasimulia kwamba wanafunzi wa Kiislamu nao walitafuta maandishi ya watu wakubwa. Ibn Battuta, kabla ya kufika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alikaa Damascus mwaka 1326. Huko alisikiliza Sahih al-Bukhari katika Msikiti wa Umayya, na akapewa ijaza na wanazuoni kadhaa, wakiwemo wanawake. Ijaza hubeba jina la mwalimu, lakini hushuhudia elimu iliyopokewa na mwanafunzi. Watoto walitambua tofauti wenyewe.

Kazi ya nyumbani ilikuwa fupi. Kila mmoja amwombe mtu anayemheshimu nyumbani aandike jina lake kwa mkono wake. Chini yake, mtoto aandike sentensi tatu za Kiingereza kueleza kwa nini amemchagua.

Mtoto wa mzazi yule alimwendea bibi yake. Katika nyumba ile bibi alihesabiwa kuwa hajui kusoma wala kuandika, kwa kuwa hakupelekwa shule. Akaichukua kalamu, akaandika jina lake na la baba yake kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto, kama alivyofundishwa chuoni utotoni. Mwanawe, mtu mzima mwenye watoto, hakuwa ameuona mwandiko wa mama yake hata siku moja.

Jumamosi iliyofuata alikuja mwenyewe na karatasi ile, ameitia katika mfuko wa plastiki. Hakulirudia swali lake. Aliniomba tu nisahihishe Kiingereza cha mtoto. Sentensi ya tatu ilisema kwamba bibi yake anajua kusoma, na kitenzi kilikosa herufi moja mwishoni. Niliiongeza kwa penseli, taratibu, nisiuguse mwandiko wa bibi.

Mzazi mwenzangu, mwanao akirudi na habari aliyoisoma kwa Kiingereza, mwambie akusimulie kwa Kiswahili. Akishindwa, bado hajaisoma. Na kabla ya siku kupita, mpe karatasi na kalamu, umtume kwa bibi au babu yake.